Kuvuka kwenda Pemba kwa boti ndogo ya tanga: chagua pa kuondokea kwanza, siku baadaye

#1 Upepo wa Raskazone

Wakuu, salaam.

Kila kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, likianza napata ujumbe wa aina moja. "Mkuu, nina boti ya tanga ya futi 22, nipo Tanga, nataka kwenda Pemba. Kwenye ramani ni hapo tu, natoka asubuhi nafika mchana. Nielekeze." Nimeona nilete uzi mmoja, tuujaze pamoja, kuliko kumjibu kila mtu pembeni.

Nianze na umbali, maana ndio unaowadanganya wengi. Kutoka Ulenge, pale mdomoni mwa ghuba ya Tanga, hadi milango ya mwamba inayoingia Wete ni kama maili 28 za bahari, karibu moja kwa moja mashariki. Kutoka Maziwe, lile fungu la mchanga mbele ya Ushongo na Pangani, hadi milango hiyo hiyo ni kama maili 43. Wakati wa kusi mimi nitamwambia mtu yeyote mwenye boti ndogo apite njia ya maili 43, aache ya 28.

Sababu ni maji. Katika Mkondo wa Pemba, ile bahari iliyo kati ya Tanga na Pemba, maji yanavuta kwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki. Wakati wa kaskazi hupungua, pengine maili 1 kwa saa. Wakati wa kusi huongezeka, 2 au 3, na likikolea hufika hata 4. Boti ya futi 22 hadi 26 kwa wastani mzuri inakwenda maili 5 kwa saa. Kwa hiyo unavuka kitu chenye nguvu karibu nusu ya mwendo wako, na hakisimami hata dakika moja kukungoja upange tanga.

Fanya hesabu hii mezani kabla hujanunua hata kopo la maharage. Boti maili 5, maji maili 2. Unatoka Ulenge, unataka kufika Fundo, mmoja wa milango ile ya Wete. Ukielekeza omo, yaani mbele ya boti, mashariki utashangaa baada ya saa tatu uko mbali kaskazini ya mstari wako. Lazima omo iangalie kusini zaidi, dira isome kama nyuzi 119 (mashariki ni 90, kusini 180), ili maji yakurudishe kwenye mstari. Sasa kusi likivuma kutoka kusini-mashariki hasa, nyuzi 135, zimebaki nyuzi 16 tu kati ya omo na upepo. Hakuna boti ya tanga inayokwenda joshi, yaani kuukabili upepo, kiasi hicho. Nyingi za kwetu zikifika nyuzi 50 zimejitahidi. Maana yake utabisha, uende kwa kugeuka-geuka huku na huku dhidi ya upepo. Na kila ukigeukia upande wa kaskazini, upepo na maji vinakushusha kwa pamoja. Watu wamebisha kutwa nzima pale, jioni wakajikuta wanauona mlima ule ule wa Usambara, ila sasa wako mbele ya mpaka wa Kenya.

Sasa toka Maziwe. Fundo iko kaskazini-mashariki yako, karibu nyuzi 51. Ongeza za kushindana na maji, dira itasoma kama 70. Upepo ule ule wa nyuzi 135 sasa unakuja nyuzi 65 kutoka omo. Tanga limejaa, boti imelala kidogo, inakimbia. Maji ambayo kule Ulenge yalikuwa yanakuibia, hapa yanakusukuma, na mwendo wako juu ya ardhi unapanda hadi kama maili 6 kwa saa. Maili 43 kwa saa saba na kidogo, watu wamekaa, hakuna aliyelowa kifuani.

Kusi likiwa la kusini kabisa, nyuzi 180, kutoka Ulenge unaweza kuilenga Fundo bila kubisha, saa sita na nusu hivi. Lakini upepo ukisogea kidogo tu kuja mashariki, na mchana husogea, umekwama katikati ya mkondo. Mwenye mtumbwi anayevuka mto Pangani maji yakishuka huanza juu ya ngazi anayotaka kufikia, hata kama lazima apige kasia pembezoni kwanza. Sisi nasi tupande kusini kwanza, halafu tuvuke.

Kaskazi ni habari nyingine. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazini-mashariki, maji yamelegea, na kutoka Ulenge moja kwa moja hadi Fundo unapata upepo wa ubavuni. Hapo njia ya maili 28 ni halali kabisa. Tatizo la kaskazi ni kwamba upepo unavuma dhidi ya maji, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, hasa mchana upepo ukipanda. Boti nyepesi inapigwa omo mpaka meno yanagongana. Lakini unafika.

Kwa hiyo: Februari ondokea Tanga. Julai ondokea kusini. Mwenye swali aulize, na wajuzi wa Pemba naomba mjazie habari za kuingia.

#2 Faiba24

Mkuu heshima kwako. Mimi ndiye mmoja wa waliokuandikia. Boti yangu nimeifunga injini ya nje, hosipawa 8. Siwezi kuwasha injini nikakata moja kwa moja kutoka Ulenge, tanga likawa la kusaidia tu?

#3 Upepo wa Raskazone

Siku ya maji ya kioo, unaweza. Mwezi Machi mwishoni au Novemba, pepo zikiwa hazijaamua, utaona bahari imelala na injini itafanya kazi yote.

Kwenye kusi la kawaida la Julai, hapana, na nitakueleza inavyokuwa. Injini ya nje imefungwa tezi, nyuma ya boti. Boti ndogo ikipanda wimbi, omo inashuka mbele, tezi inanyanyuka, na pangaboi linatoka majini. Utalisikia linapiga ukelele, halafu linazama tena, linameza hewa, linakosa nguvu. Hivyo kila baada ya sekunde chache, kwa saa sita. Mafuta yanakwenda maradufu ya ulivyopiga hesabu, na tangi linatikiswa mpaka takataka zote zilizolala chini zinapanda kwenye mpira. Injini nyingi hufa katikati ya mkondo kwa sababu hiyo hiyo, tangi chafu, na si ubovu wa injini.

Halafu pale huwezi kutia nanga ukatengeneza. Kina cha katikati ya Mkondo wa Pemba kinapita mita 800. Injini ikizima, tanga limekunjwa, unakwenda kaskazini kama gogo.

Ushauri wangu: ichukulie injini ni ya kutokea bandarini na kuingilia langoni. Safisha tangi, weka chujio jipya, beba plagi za akiba, kamba ya kuvutia na pini za pangaboi. Safari yenyewe ipange kana kwamba injini haipo.

#4 Mtu wa Wete

Assalaam alaykum jamaa. Nimesoma, na maneno ya mleta uzi ni ya haki. Wavuvi wetu wa dago, wale wa kupiga kambi ugenini, wanaokwenda Tanga na Kenya hawajawahi kuikata Ulenge hadi Wete kwa tanga kusi likivuma. Wanapanda kwanza, wananyapia pwani.

Mie nazungumza habari ya kuingia. Kisiwa chetu upande wa magharibi kimezungukwa na visiwa vidogo na miamba, na baina yake pana milango: Njao, Fundo, Uvinje. Ukishaingia ndani umepata maji matulivu mpaka Wete. Ila nje ya mlango kina ni kirefu mno, na mwamba unapanda ghafla, ni ukuta. Mtu akitegemea kipima-kina kimwambie anakaribia, hakitamwambia. Kinasoma hakuna chini, hakuna chini, halafu umo juu ya mwamba. Kitakachokwambia ni macho.

Na macho yanataka jua. Unatoka magharibi unakwenda mashariki. Asubuhi jua liko usoni mwako, maji yote yanang'aa rangi moja, mwamba huuoni mpaka uko chini ya omo. Baada ya adhuhuri jua linakuja kisogoni, na hapo bahari inafunguka. Buluu iliyokoza kama nili ni kina. Kijani ni maji ya wastani. Kijani cheupe ni mchanga. Kahawia, au rangi ya majani yaliyooza, huo ni mwamba, mpishe. Mweke mtu mmoja asimame omo, ashike mlingoti, awe na ile miwani ya jua inayokata mng'ao, na kazi yake iwe hiyo tu. Asishike kamba, asipige picha.

Saa kumi alasiri ndiyo mwisho wa kuingia kwa mgeni. Baada ya hapo jua limeshuka mno, na huku kwetu likizama kiza hakichelewi.

#5 Upepo wa Raskazone

Wa alaykumu salaam ami, ahsante sana. Hilo la jua kisogoni ndilo linalopanga saa ya kuondoka, na wengi wanalifanya kinyume. Wanaondoka saa nane usiku ili "wawahi," wanafika saa tatu asubuhi na jua limewajaa machoni. Kufika mapema Pemba kutoka magharibi hakukusaidii kitu.

Kwa njia ya Maziwe mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba na kidogo baharini, nafika nje ya lango saa saba, saa nane mchana. Boti ikichoka, mwendo wake majini ukashuka hadi maili 4 kwa saa, maji bado yananisukuma na nafika kabla ya saa kumi.

Ami, naomba utusaidie na maji. Unapendelea kuingia maji ya namna gani?

#6 Mtu wa Wete

Maji yanayojaa. Sababu mbili. Ukipanda mwamba maji yakijaa, baada ya muda yatakuinua yakutoe. Ukipanda maji yakipwa, utakaa hapo mpaka usiku na boti imelala ubavu. Ya pili, maji yakipwa yanatoka mlangoni kwa nguvu, na nje mawimbi ya kusi yanaingia. Vikikutana, mawimbi yanasimama wima mlangoni. Boti ndogo haitaki mchezo huo. Ukikuta hali hiyo, kaa nje kwenye kina, punguza tanga, subiri.

Hesabu ya maji tunaifanya kwa mwezi wa angani, siku tangu uandame. Mwezi kumi na nne, kumi na tano, na tena mwezi ukiandama, ni bamvua, maji makubwa: yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Mwezi saba na ishirini na mbili ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa saa nne, yanakupwa saa kumi.

Basi tazama. Mgeni anayetaka kuingia saa nane mchana maji yakijaa, aje bamvua. Maji mafu saa nane yanakupwa. Yanakupwa pole pole kwa kuwa ni mafu, lakini yanakupwa.

#7 Upepo wa Raskazone

Hapo ndipo siku inapojichagua yenyewe. Mwezi kumi na nne au kumi na tano unapata vyote: maji yanajaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, unaingia saa nane na bado una saa mbili za maji ya kujaa. Alfajiri unapong'oa nanga mwezi bado uko magharibi, unaona kamba zako. Na kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: wavuvi wa dagaa wenye taa hutoka wakati wa giza, mwezi mpevu huwa wamepumzika, kwa hiyo hukutani na zile boti zenye kamba na nyavu zimezungushwa gizani. Jarife, zile nyavu kubwa, bado utakutana nazo, fungua macho.

Ila bamvua ina gharama yake Pangani. Wengine hupenda kulala ndani ya mto, ni pazuri na pamesitirika. Mdomo wa mto una fungu. Siku ya bamvua maji yamejaa saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili yanatoka mtoni kwa kasi na kukutana na mawimbi juu ya fungu, yale yale aliyoyasema ami kuhusu mlango. Mimi hulala nje, mbele ya Ushongo, ndani ya miamba. Maziwe kwenyewe msilale. Ni hifadhi, na fungu lote linafunikwa maji yakijaa. Mtu akiamka usiku anajikuta katikati ya bahari na hana kinga ya upepo hata kidogo.

Kutoka Tanga kushuka Pangani ni siku moja ya peke yake. Nenda alfajiri na umande, ule upepo mdogo wa nchi kavu, bahari ikiwa imetulia, upite ndani ya Karange. Kufika mchana kusi linapopanda uwe umeshafika au umekaribia. Sehemu kubwa ya njia hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, nanga itupwe mchangani, siyo juu ya matumbawe.

#8 Bint Mkoani

Kaka zangu, nimewasoma kimya mpaka hapa. Mnazungumza vizuri habari za upepo. Naomba tuzungumze pia habari za watu walio nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija kwetu, Pemba nzima ililia. Ile ilikuwa meli kubwa, imejazwa kupita kiasi. Nyie mnakwenda na boti ya futi 22. Boti yako isipofika, nani atajua, na atajua saa ngapi? Maana sisi tunaosubiri gatini ndio tunaoulizwa.

#9 Upepo wa Raskazone

Dada yangu, ahsante. Swali lako ndilo lingetakiwa kuwa #1.

Kabla ya kuondoka naandika karatasi moja, nakala mbili. Moja inabaki kwa mtu wa nchi kavu Tanga, nyingine naipiga picha namtumia mtu wa Pemba ninayekwenda kwake. Ndani yake: jina la boti, rangi ya ubavu na ya tanga, majina ya waliomo na namba za ndugu zao, saa ya kuondoka, njia, lango nitakaloingia, saa ya kufika, na saa ya kupiga kelele. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Kwa mfano: natarajia kuingia saa nane, ikifika saa moja usiku sijapiga simu, usinisubiri, usiseme "labda simu imezima," piga simu bandarini Wete na Tanga, na utoe taarifa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), ambao kituo cha utafutaji na uokoaji cha Dar es Salaam kiko chini yao. Wape na mwelekeo: watafutaji waanzie kaskazini ya mstari wangu, kwa sababu boti isiyo na nguvu itakuwa imevutwa huko. Boti iliyoharibika saa nne asubuhi, kufikia saa moja usiku, maji ya maili 2 kwa saa yameipeleka maili 18 kaskazini. Mtu wa nchi kavu asiyejua hilo atawatuma watu mahali pasipo na kitu.

Na mtu huyo asiwe mama mzazi peke yake. Mpe mtu anayeweza kukaa saa kumi na tatu bila hofu na saa moja akachukua hatua.

Katikati ya mkondo usitegemee simu. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16 ya kuitana na ya hatari, ni lazima, na iwe imejaribiwa siku moja kabla. Mwenye uwezo anunue kile kifaa cha kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti. Kwa bahari hii ni pesa iliyokwenda mahali pake. Kioo kidogo cha kuakisi jua na tochi havigharimu kitu. Jaketi la kuokolea linavaliwa kuanzia Ushongo, halikaliwi kama mto. Na kila mmoja awe na mkanda wa kujifunga kwenye boti. Aliyeanguka kwenye mkondo ule boti ikiwa inakimbia maili 6 kwa saa, ndani ya dakika mbili humuoni kichwa nyuma ya mawimbi.

#10 Faiba24

Nimeelewa mkuu, na nimeanza kuandika karatasi yangu. Swali jingine: nina programu ya ramani za bahari kwenye simu, inanionyesha mpaka nilipo. Dira bado ina kazi?

#11 Upepo wa Raskazone

Ina kazi kubwa. Simu inakwambia ulipo. Haikwambii omo ielekee wapi kwa sekunde hii wimbi likikugeuza. Aliyeshika usukani anatazama dira na tanga, siyo kioo cha simu chenye maji ya chumvi.

Ila simu ina kitu kimoja kizuri sana kwa mkondo huu, nacho ni kupima mvuto wa maji. Shika dira nyuzi 70 kwa nusu saa bila kuyumba, halafu angalia simu inasema umekwenda mwelekeo gani kweli. Kama inasema 51, hesabu yako ni sahihi. Kama inasema 40, maji leo yana nguvu kuliko ulivyodhani, geuza omo kusini zaidi sasa hivi, usingoje. Kosa la nyuzi kumi mwanzoni ni maili saba, nane mwishoni. Usipokuwa na simu, tumia wanavyofanya wavuvi: chagua alama mbili nchi kavu nyuma yako, moja mbele ya nyingine, mlima na mnazi mkubwa, uone zinavyoachana.

Tahadhari mbili. Usiweke simu, redio wala spika karibu na dira. Jaribu nyumbani: sogeza simu taratibu kando ya dira utaona sindano inaifuata. Na pili, mistari ya miamba kwenye ramani za simu upande wa Pemba usiiamini kwa mita. Langoni, ami amekwambia: macho na jua.

#12 Kijana wa Shimoni

Salamu kutoka Shimoni, Kenya. Sisi tuko karibu zaidi, Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ni kama maili 22 tu kutoka huku. Hesabu yako inatuhusu vipi? Na makaratasi?

#13 Upepo wa Raskazone

Karibu ndugu. Kigomasha iko kusini-mashariki yenu. Kwa hiyo kusi linatoka huko huko unakotaka kwenda, na maji yanatoka kusini. Kwa kusi msije kwa tanga. Kaskazi mnapata upepo wa ubavuni na mnafika upesi kuliko sisi. Na mtu wa Pemba anayekwenda kwenu kwa kusi ndiye mwenye raha kuliko wote, upepo uko tezi.

Makaratasi: ninyi mnavuka mpaka wa nchi. Uhamiaji na forodha Shimoni kwanza, halafu uingie bandari yenye ofisi, Mkoani au Wete, na bendera ya njano, ya kuomba ruhusa ya kuingia, juu mpaka umalize. Kutia nanga Fundo kwanza mkaogelea, halafu Wete kesho yake, ni kujitafutia matatizo. Sisi wa Bara hatuvuki nchi, lakini boti lazima iwe na cheti cha TASAC, na ukifika Zanzibar uko chini ya mamlaka ya usafiri baharini ya kule, uripoti bandarini na vitambulisho vya wote. Pwani ya magharibi ya Pemba nayo ni hifadhi, Misali ikiwemo, kuna ada ya kuingia. Lipeni, risiti mtaulizwa.

#14 Mtu wa Wete

Naongeza moja kuhusu Kigomasha. Mnara wa taa ule msiukaribie kwa kusi mkiwa mmeshushwa na maji. Ukikosa milango yote mitatu ukajikuta kaskazini ya rasi, usijaribu kurudi kusini. Upepo na maji vyote viko dhidi yako, na usiku unaingia.

#15 Bint Mkoani

Sasa mtu aliyeikosa afanye nini?

#16 Upepo wa Raskazone

Ajue mapema kwamba ataikosa. Ndiyo maana ninaweka saa ya kuamua. Saa tano asubuhi, saa tano tangu kuondoka, naangalia nilipo. Kama bado naweza kuilenga Fundo kwa nyuzi 50 au zaidi kutoka kwenye upepo, naendelea. Kama siwezi, kama upepo umepanda hata tanga lililopunguzwa ni zito, au kama mtu mmoja ametapika mpaka hawezi kunywa maji, nageuza. Kutoka katikati ya mkondo, Tanga iko upande wa chini ya upepo. Unalegeza demani, kamba ya kuvutia tanga, boti inatulia, jioni uko Raskazone unakunywa chai. Uzuri wa njia hii ya kusini ni huo: muda wote wa safari una bandari ya kukimbilia. Anayetoka Ulenge akabisha hana, kwa sababu kila saa inayopita bandari inazidi kubaki nyuma yake, kusini.

Kuhusu upepo wenyewe: utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) hutoka kila siku. Wakisema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, boti ya futi 22 inabaki ufukweni. Mimi natafuta siku mbili mfululizo za chini ya hapo kwa kiasi kizuri, kwa sababu utabiri ukikosea hukosea siku ya pili. Aprili na Mei siendi kabisa. Mvua za masika, dhoruba za ghafla, na mwaka 2024 mwanzoni mwa Mei tumekiona Kimbunga Hidaya kikifika karibu na Mafia, mwezi ambao wengi walidhani hauna vimbunga kwetu.

#17 Faiba24

Mkuu, basi nimepanga hivi: Agosti, mwezi kumi na tatu natoka Tanga kwenda Ushongo, kumi na nne napumzika na kuangalia utabiri, kumi na tano navuka. Watu watatu. Maji lita 30, chakula kimepikwa siku moja kabla. Lango la Fundo saa nane. Unaona kasoro?

#18 Upepo wa Raskazone

Mpango mzuri. Ongeza kumi na sita na kumi na saba kuwa siku za akiba, na uwaambie kazini kabla hujaondoka, ili usije ukavuka kwa sababu Jumatatu inakungoja. Maji yanachelewa dakika hamsini kila siku, kwa hiyo hata kumi na saba bado utayakuta yanajaa saa nane. Chakula kiwe kikavu cha kushika mkononi, ndizi, mkate, mayai. Wali baharini hauliki. Tangawizi watafune kabla ya kuondoka, siyo wakishaanza kuumwa.

Na kwenye ile karatasi, saa ya kupiga kelele umeandika saa nne usiku. Irudishe iwe saa moja.

#19 Mtu wa Wete

Ukiwa nje ya mlango niite kwenye 16. Nitakuwa na mashua ndani ya Fundo siku hiyo, inshaallah, nitakutangulia mpaka Wete.

#20 Faiba24

Nimeirudisha saa moja, mkuu. Ami, nitakuita. Nakala ya karatasi naituma kwako na kwa Bint Mkoani leo usiku.